Edward Edwards (mkutubi)

Edward Edwards (London, 14 Desemba 1812 – Niton, kisiwa cha Wight, 7 Februari 1886) alikuwa mkutubi na mwandishi kutoka nchini Uingereza. Anahesabiwa kati ya waasisi wa maktaba za umma, yaani maktaba zinazoendeshwa kwa kodi ya wakazi na kutumiwa na mtu yeyote bila malipo. Takwimu alizokusanya zilisaidia kupatikana kwa Sheria ya Maktaba za Umma ya mwaka 1850. Miaka miwili baadaye alifungua maktaba ya mji wa Manchester akiwa mkutubi wake wa kwanza. Mwaka 1858 aliondolewa kazini na kamati iliyomwajiri, na hakupata tena maktaba ya umma ya kuongoza.

Maisha ya awali

Edwards alizaliwa katika familia ya fundi mwashi wa London. Hakusoma chuo kikuu. Akiwa kijana aliwekwa uanagenzi chini ya baba yake ili ajifunze kazi ya ujenzi, na elimu yake kubwa aliipata kwa kujisomea. Hali hiyo ni muhimu kwa kuelewa maisha yake yote. Katika London ya wakati huo, mtu asiye na fedha za kununua vitabu wala ada ya kujiunga na chama cha wasomaji alikuwa na mahali pachache sana pa kwenda. Mahali pakubwa kuliko pote palikuwa chumba cha kusomea cha Makumbusho ya Uingereza, ambacho kiliruhusu wasomaji waliopata kibali, na Edwards alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1836 kamati ya Bunge ilichunguza uendeshaji wa makumbusho hayo. Edwards, akiwa na umri wa miaka 23 tu, aliandika kijitabu cha kukosoa jinsi maktaba hiyo ilivyoendeshwa, kisha akaitwa kutoa ushahidi. Badala ya kumchukia, wakubwa wa makumbusho walimwajiri mwaka 1839 kama msaidizi katika idara ya vitabu vilivyochapwa.

Katika Makumbusho ya Uingereza

Mkuu wa idara hiyo alikuwa Antonio Panizzi, mkimbizi wa kisiasa kutoka Italia aliyegeuka kuwa mkutubi mashuhuri kuliko wote wa karne yake. Panizzi alitaka orodha mpya ya vitabu iliyofuata taratibu zisizobadilika, na Edwards alikuwa mmoja wa wasaidizi walioshiriki kutunga kanuni 91 za kuorodhesha zilizochapwa mwaka 1841. Kanuni hizo zilijibu maswali ambayo hadi leo humsumbua kila anayeanza kazi ya maktaba: kitabu kisicho na jina la mwandishi kiandikwe chini ya neno gani? Mwandishi aliyebadilisha jina atafutwe wapi? Tafsiri iwekwe pamoja na kitabu cha asili au mbali nacho?

Kwa miaka kadhaa Edwards aliorodhesha maelfu ya vijitabu vya wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, vilivyokusanywa katika karne ya 17 na muuza vitabu George Thomason. Ni kazi ya subira, ya karatasi moja baada ya nyingine, na aliifanya vizuri. Hata hivyo uhusiano wake na Panizzi haukuwa mwema. Edwards alikuwa mtu wa haraka kuudhika, na Panizzi hakuwa mtu wa kuvumilia msaidizi mwenye mawazo yake mwenyewe.

Takwimu na sheria ya mwaka 1850

Nje ya saa za kazi Edwards alianza kuhesabu maktaba za Ulaya. Aliandika kwa miji mbalimbali, akasoma ripoti, akalinganisha idadi ya vitabu vinavyoweza kusomwa na umma na idadi ya wakazi. Matokeo aliyoyatoa mwaka 1848 yaliiaibisha Uingereza: nchi yenye viwanda vingi kuliko zote duniani ilikuwa nyuma ya Ufaransa na nchi za Kijerumani katika maktaba zilizo wazi kwa kila mtu.

Hesabu zake zilikuwa na makosa. Nyingine zilitegemea vitabu vya zamani, na mara nyingine maktaba za aina tofauti zilijumlishwa pamoja. Mwenzake wa makumbusho, Thomas Watts, alimshambulia gazetini kwa jina la bandia, na Panizzi pia alizipinga. Pamoja na makosa hayo hoja kuu ilikuwa kweli, na ilimfikia mtu aliyeihitaji: mbunge William Ewart.

Mwaka 1849 Ewart alipata kamati ya Baraza la Makabwela ya kuchunguza suala la maktaba, na Edwards akawa shahidi wake mkuu. Kamati ilikuta kwamba katika Uingereza yote maktaba iliyokuwa wazi kabisa kwa mtu yeyote ilikuwa moja tu, ile ya Chetham mjini Manchester, iliyoanzishwa kwa wosia wa mfanyabiashara mmoja mwaka 1653. Nyingine zilidai ada, au barua ya kumtambulisha msomaji, au zilifunguliwa saa ambazo mfanyakazi yuko kiwandani.

Muswada ulipofika bungeni ulipata upinzani mkali. Mwaka 1848 ulikuwa umetikisa Ulaya kwa mapinduzi, na baadhi ya wabunge waliogopa kwamba vyumba vya kusomea vingegeuka kumbi za siasa. Wengine walikataa kodi mpya ya aina yoyote. Mbunge mmoja, Kanali Sibthorp wa Lincoln, alisema waziwazi kwamba yeye mwenyewe hakupenda kusoma hata kidogo.

Sheria iliyopita Agosti 1850 ilikuwa na masharti mengi. Ilihusu tu miji yenye wakazi zaidi ya 10,000. Halmashauri haikuweza kuitumia mpaka theluthi mbili za walipa kodi waliopiga kura wakubali. Kodi yenyewe haikuruhusiwa kuzidi nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya jengo. Kwa kuwa pauni moja ilikuwa na peni 240, hiyo ni sehemu moja kati ya 480. Ajabu zaidi, fedha hizo ziliruhusiwa kulipia jengo, mishahara, taa na moto wa kupasha joto, lakini si kununua vitabu. Watunga sheria walitegemea kwamba mara jengo likiwapo, watu wenye uwezo wangelijaza kwa zawadi. Kila aliyewahi kupokea zawadi ya vitabu vilivyochakaa anajua matokeo ya mpango huo. Mwaka 1855 sheria ilirekebishwa: kiwango kikawa peni moja na vitabu vikaruhusiwa kununuliwa. Kikomo cha peni moja kilidumu hadi 1919.

Edwards mwenyewe hakubaki makumbusho kuona sheria ikipita kwa raha. Aliachishwa kazi huko mwaka huohuo wa 1850.

Mkutubi wa Manchester

Manchester ulikuwa mji wa viwanda vya pamba, wenye utajiri mkubwa na mitaa ya kimaskini sana. Meya wake, John Potter, alianza kuchangisha fedha za maktaba hata kabla ya kura kupigwa. Zilipatikana zaidi ya pauni 12,000. Sehemu kubwa ilitoka kwa matajiri, lakini pauni zaidi ya 800 zilitoka kwa wafanyakazi wapatao 20,000, yaani chini ya shilingi moja kwa kila mmoja. Kwa fedha hizo lilinunuliwa jengo la Campfield, ukumbi uliojengwa na wafuasi wa Robert Owen, mwanzilishi wa harakati za ushirika. Hivyo jengo lililokuwa la wajamaa likawa mali ya mji.

Edwards aliajiriwa mwaka 1851 kwa mshahara wa pauni 200 kwa mwaka. Alikuwa na kazi ya kujaza ukumbi mtupu. Kwa kuwa sheria ilikataza kodi kununua vitabu, ilimbidi atumie fedha za michango, na alizitumia kwa uangalifu. Alizunguka kwa wauza vitabu vya mitumba na kwenye minada, akinunua kwa pamoja makusanyo ya vijitabu vya biashara, siasa na uchumi ambavyo wakati huo vilikuwa bei nafuu. Leo vijitabu vya namna hiyo ni hazina ya wanahistoria. Maktaba ilipokuwa tayari ilikuwa na vitabu takriban 16,000 vya kusomea palepale na zaidi ya 5,000 vya kuazimisha.

Kura ya walipa kodi ilipigwa Agosti 1852: 3,962 walikubali na 40 walikataa. Maktaba ilifunguliwa tarehe 2 Septemba mwaka huohuo mbele ya waandishi Charles Dickens, William Thackeray na Edward Bulwer-Lytton. Thackeray alisimama kuhutubia, akapoteza mtiririko wa maneno yake, akaketi. Ilikuwa maktaba ya kwanza chini ya sheria ya 1850 kuazimisha vitabu vya kwenda navyo nyumbani bila ada yoyote.

Baada ya hotuba ilikuja kazi ya kila siku, na hapo ndipo Edwards alipojifunza mambo ambayo takwimu za Ulaya hazikumfundisha. Kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo, wasomaji hawakuruhusiwa kufika kwenye rafu. Anayetaka kitabu alitafuta namba yake katika orodha iliyochapwa, akaitaja kaunta, na msaidizi akaenda kukileta. Kikiwa kimeshaazimwa, msomaji alirudi kwenye orodha na kuchagua kingine. Foleni za jioni, watu wakitoka kazini, zilikuwa ndefu na wasaidizi wachache, baadhi yao vijana wadogo wa kutumwa. Kila kitabu kilichotoka kiliandikwa katika daftari pamoja na jina la mwazimaji na tarehe, na kiliporudi kilifutwa. Kosa moja la mwandishi wa daftari lilimfanya mtu asiye na hatia adaiwe kitabu, au kitabu kipotee bila anayejulikana.

Ili kuazima ilikuwa lazima kuwa na wadhamini wanaolipa kodi mjini. Sharti hilo lililinda mali ya umma, lakini lilimweka pabaya mgeni aliyehamia Manchester juzi kutafuta kazi na ambaye hakujulikana na mtu. Chumba cha kusomea palepale hakikuhitaji dhamana.

Katika mwaka wa kwanza vitabu zaidi ya 77,000 viliazimishwa kwenda nyumbani, na vingine zaidi ya 61,000 vilisomwa ndani ya jengo. Kwa idara ya kuazimisha hiyo ina maana kwamba kila kitabu kilitoka kwa wastani zaidi ya mara 10. Riwaya ndizo zilizotoka zaidi, kama inavyotokea katika maktaba ndogo yoyote hadi leo. Vitabu vilivyopita mikono mingi hivyo vilichakaa haraka, na moshi wa viwanda pamoja na taa za gesi uliharibu ngozi za majalada. Gharama ya kujalidi upya ikawa sehemu ya kudumu ya bajeti ambayo hakuna aliyeifikiria siku ya ufunguzi.

Edwards aliweka kumbukumbu za haya yote. Ripoti zake za mwaka zilionyesha vitabu vya aina gani vilisomwa na kwa kiasi gani, na miji mingine iliyofikiria kuanzisha maktaba iliziomba ili ijue nini cha kutarajia. Mwaka 1857 Manchester ilifungua matawi ya kwanza katika mitaa ya wafanyakazi ya Hulme na Ancoats, kwa sababu imeonekana kwamba mtu aliyechoka hatembei mbali kufuata kitabu.

Ugomvi na kamati

Sheria iliikabidhi maktaba kwa kamati ya halmashauri. Wajumbe wake walikuwa hasa wafanyabiashara, watu waliozoea kuwa na makarani. Edwards alijiona msomi na mtaalamu, naye alizoea kuwakosoa wakubwa kwa maandishi. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Kamati iliwajibika kwa walipa kodi kwa kila peni, na ilitaka mtu wa kutunza daftari, kufuata maagizo na kuwapo kaunta. Edwards alitaka kuamua mwenyewe vitabu gani vinunuliwe na vipangwe vipi, akaona saa zake zikiishia kwenye barua, stakabadhi na vikao. Hakuwa na ustadi wa kunyamaza, wala wa kusubiri hasira za kikao zipoe.

Misuguano iliongezeka mwaka hadi mwaka, na mwaka 1858 alilazimika kuondoka. Nafasi yake ilichukuliwa na Robert Smiles, ndugu wa mwandishi Samuel Smiles. Maktaba haikuyumba. Mifumo aliyoiacha Edwards iliendelea kufanya kazi bila yeye, jambo ambalo ni sifa kwa msimamizi ingawa huenda halikumfariji.

Baadhi ya waandishi wa maisha yake wameilaumu kamati peke yake. Lawama hiyo haitoshi. Mtu huyohuyo alikuwa amegombana na Panizzi kabla ya kufika Manchester, na Panizzi hakuwa mfanyabiashara wa pamba bali mkutubi mkubwa kuliko Edwards mwenyewe. Ni sawa zaidi kusema kwamba Edwards alisaidia kuunda cheo kipya, cha mkutubi wa umma aliye mtaalamu na wakati huohuo mtumishi wa halmashauri, kisha akaonekana hakifai.

Vitabu vyake

Mwaka mmoja tu baada ya kufukuzwa alitoa kazi yake kubwa, Memoirs of Libraries (1859), kwa juzuu mbili nene. Sehemu ya kwanza ni historia ya maktaba tangu zamani za kale. Ya pili inahusu uendeshaji: ujenzi, ununuzi, kuorodhesha, kupanga, watumishi na huduma kwa wasomaji. Kabla yake hakukuwa na kitabu cha Kiingereza kilichokusanya mambo hayo kwa upana huo, na kwa miaka mingi wakutubi wa miji midogo walikitumia kama mwalimu.

Humo alipendekeza mpango wa kugawa vitabu vya maktaba ya mji katika makundi sita: dini, falsafa, historia, siasa na biashara, sayansi na sanaa, na fasihi pamoja na maandishi mchanganyiko. Mpango huo ulitumiwa hapa na pale, lakini ulisahaulika baada ya mfumo wa namba wa Mmarekani Melvil Dewey kutokea mwaka 1876. Kundi la siasa na biashara kusimama peke yake linaonyesha alikotoka: ni rafu za Manchester, na vijitabu alivyonunua mnadani.

Aliandika pia kuhusu waasisi wa maktaba, maktaba za miji (Free Town Libraries, 1869), waasisi wa Makumbusho ya Uingereza (1870), na maisha ya Sir Walter Raleigh (1868) pamoja na barua zake. Kitabu cha Raleigh kilisifiwa na wanahistoria. Hakuna kati ya vitabu hivi kilichomtajirisha.

Miaka ya mwisho

Tangu mwaka 1870 alifanya kazi za muda mjini Oxford, kwanza akiorodhesha maktaba ya Queen's College, baadaye akishughulikia nyaraka katika maktaba ya Bodley. Alikuwa amerudi kwenye kazi ya ujana wake, karatasi moja baada ya nyingine, kwa malipo ya kibarua. Wakati huo Panizzi alikuwa amepewa cheo cha Sir na malkia.

Chama cha Maktaba cha Uingereza kilipoanzishwa mwaka 1877, jina la Edwards lilitajwa kwa nafasi ya rais wa kwanza. Hakuchaguliwa. Alikuwa amekuwa kiziwi, na mtu asiyesikia asingeweza kuongoza mikutano. Wakutubi waliokusanyika siku ile walikuwa wengi wao wa maktaba zilizotokana na sheria aliyoipigania.

Mwaka 1883 serikali ilimpa pensheni ya pauni 80 kwa mwaka, chini ya nusu ya mshahara wake wa Manchester wa miaka 30 iliyotangulia. Alihamia kijiji cha Niton, kusini mwa kisiwa cha Wight, akiwa na madeni na rundo la karatasi. Alikuwa akiandaa toleo la pili la Memoirs of Libraries lakini hakulimaliza. Alifariki huko akiwa na umri wa miaka 73, akazikwa katika makaburi ya kanisa la kijiji.

Baada ya kifo

Maktaba za umma zilienea polepole wakati wa uhai wake, kisha kwa kasi mwishoni mwa karne, hasa Andrew Carnegie alipoanza kutoa fedha za majengo. Carnegie alidai mji uliopewa jengo ukubali kwanza kutoza kodi ya kuliendesha, kwa hiyo zawadi zake zilisimama juu ya sheria ya 1850 na marekebisho yake. Wazo kwamba maktaba ni huduma inayowekwa kwa sheria na kulipiwa na umma lilifuata Waingereza katika makoloni, ingawa huko lilichelewa. Katika Afrika ya Mashariki lilipata sheria zake hasa baada ya uhuru: Tanganyika mwaka 1963 na Kenya mwaka 1965. Tofauti na Uingereza, nchi hizo zilichagua bodi moja ya taifa badala ya kamati ya kila mji.

Kaburi la Edwards lilibaki bila alama ya maana kwa miaka 16. Mchapishaji Thomas Greenwood, ambaye akiwa kijana alinufaika na maktaba za umma, alilitafuta, akajenga juu yake mnara wa mawe ya matale mwaka 1902, na mwaka huohuo akatoa kitabu cha kwanza cha maisha yake. Greenwood alikusanya pia karatasi na shajara za Edwards, kisha akazitoa zawadi pamoja na mkusanyo wake wa vitabu kuhusu maktaba. Mji alioupa zawadi hiyo ni Manchester.